Ukuta wa Bi Shekue Unaoelekea Kusi

Wametusimulia waliotutangulia, Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Kitangi, mji wa pwani ambao mvua zake hazijui adabu, aliishi mwashi mcha Mungu aitwaye Bwanaheri bin Shee. Kazi yake ilikuwa mawe na chokaa, na mkono wake ulikuwa mzuri, mashaallah. Ila alikuwa na kaugonjwa kamoja, nami nakasema mapema msije mkamdhania malaika: alipenda ibada yake iwe kali kuliko ya wenziwe. Watu wakifunga siku sita za Shawwal, yeye roho yake haitulii mpaka zifike saba.

Katika mji huohuo alikuwapo mjane, Bi Shekue binti Fumo, akilea wajukuu wanne mayatima. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, lakini ukuta wa upande wa kusi, unaopigwa na mvua za masika usoni, ulikuwa umechoka. Kila mwaka maji yalipenya mpaka ndani, magodoro yakaota ukungu, na yule mjukuu mdogo akakohoa hadi mvua ziishe. Mwaka huo Bi Shekue akaazimia kuumaliza ugomvi. Majirani nao, wallahi, hawakumnyima maneno. Mmoja alimwambia aukandike kwa udongo, mwingine apigilie mbao, na wa tatu, ambaye hajapata kujenga hata banda la kuku, akamshauri avute subira, huenda mvua za mwaka huu zikawa chache.

Bi Shekue akamwita Bwanaheri. Fundi akauzunguka ukuta, akaugonga hapa na pale, akatikisa kichwa.

"Bi mkubwa, udongo huku kwetu haumalizi masika mawili. Mbao zitaliwa na mchwa, na unyevu utamalizia. Tutie mawe ya matumbawe yaliyochimbwa bara, si yaliyotolewa majini juzi. Chokaa ninayo iliyolala shimoni mwaka mzima, imeiva. Juu tutoe upenu mpana, maji yaanguke mbali. Na mchanga wa lipu uwe wa bondeni. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta maji. Ukuta utatoka jasho, kisha lipu itabanduka yote."

"Na wenye punda wakikudanganya wakaleta wa ufukweni?"

"Hawawezi. Sisi waashi wa Kitangi kila mzigo tunauonja kwa ulimi kabla ya kuuchanganya."

Bi Shekue akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe wewe fundi umekula nyumba nyingi kuliko mchwa!"

Wakakubaliana, na kazi ikaanza. Mawe yaliyooza yakatolewa, mapya yakaingia. Ilipofika zamu ya lipu, mwezi wa Ramadhani ukaandama. Waashi wengine mwezi huo waliendelea kuonja mchanga na kuutema, kama walivyoruhusiwa na makadhi tangu zamani. Bwanaheri akasema, la, ulimi wangu hautagusa kitu mpaka magharibi. Basi punda walipoleta mizigo aliuliza tu, "Wa bondeni huu?" Mwenye punda akajibu, "Wa bondeni, fundi." Ukachanganywa, ukapigwa ukutani. Na jioni, mtu ameshapata tende zake na uji wake, nani anakumbuka mchanga?

Siku ya Idi ukuta ulikuwa mweupe kama kanzu mpya, na watu walipita makusudi kuutazama. Miongoni mwao alikuwa Mzee Kubo, mkubwa wa wazee waliokuwa wakitafuta mwashi wa kuujenga upya msikiti wa Ijumaa. Kazi ile Bwanaheri aliitamani tangu siku alizokuwa akimkorogea baba yake chokaa, na kila sujudu aliiombea.

"Ijumaa baada ya sala nitawaleta wazee," akasema Mzee Kubo. "Wakiupenda ukuta huu kama nilivyoupenda mimi, msikiti ni wako."

Bwanaheri hakulala kwa furaha.

Alhamisi asubuhi akaenda kwa Bi Shekue kuchukua miiko yake ya lipu. Pembeni palibaki kirundo cha mchanga. Mkono, kwa mazoea tu, ukachota kidogo ukatia mdomoni. Subhanallah! Chumvi! Tena si ya kubahatisha, ilitosha kuungia mchuzi. Akakaa chini palepale.

Sasa tazameni Shetani anavyoijua kazi yake. Hakumwambia adanganye, maana angefukuzwa kwa audhubillahi. Alimwambia anyamaze tu. Ukuta ni mweupe, masika yako mbali miezi miwili, wazee wanakuja kesho. Nani atajua?

Bwanaheri akaenda kwa kadhi wa mji, Sheikh Twaha, na moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa akitarajia kupata fatwa ya kumpoza. Akamweleza yote.

Sheikh akamtazama. "Nani alikukataza kuonja?"

"Mimi mwenyewe, Sheikh. Kwa kumcha Mungu."

"Mwenye haja akionja akatema, saumu yake iko palepale. Hata wapishi wanalijua hilo. Wewe ulitaka saumu iliyo kali kuliko aliyoitaka Mungu, na ukali wake umemwangukia nani? Mjane na mayatima."

Bwanaheri akainamisha kichwa, aibu imemjaa. "Basi nipe fatwa, Sheikh. Nifanye nini?"

"Huhitaji fatwa, mwanangu. Unahitaji sururu."

Bwanaheri alimkuta Bi Shekue barazani, naye akamkaribisha kaimati za Idi. Fundi hakukaa.

"Bi mkubwa, nimekuharibia nyumba. Mchanga ulikuwa wa ufukweni, nami sikuuonja. Lipu yote itabanduka masika."

Bi Shekue alikasirika, na haki yake. "Ebo! Wajukuu wangu nimeshawaambia mwaka huu hawatalowa! Nitawatazama vipi machoni?" Akapumua kwa nguvu, kisha akaukumbuka ugeni wa kesho, na hasira ikageuka huruma. "Na wazee wa msikiti je? Si ungengoja kesho kutwa, uwaache waone kwanza?"

"Nikingoja kesho kutwa, bi mkubwa, nitangoja na mtondo. Nipe ruhusa nianze leo."

Yule bibi akamsogezea sahani ya kaimati. "Haya, bandua. Lakini kula kwanza. Mimi sibomolewi nyumba na mtu mwenye njaa."

Akala, akaanza. Ijumaa baada ya sala wazee wakafika, kanzu zimepigwa pasi, joho limetupwa begani. Wakakuta rundo la lipu limefika magotini, Bwanaheri amekuwa mweupe kuanzia nywele hadi kucha, na wajukuu wanne wakipiga vigelegele kila kipande kikianguka.

Mzee Kubo akashangaa. "Fundi! Ukuta uko wapi?"

"Huo hapo chini, mzee wangu. Nilitia mchanga wenye chumvi."

"Nani amekushtaki?"

"Hakuna."

"Ungejulikana lini?"

"Masika."

"Na masika wewe ungekuwa wapi?"

"Ningekuwa juu ya msikiti wenu."

Wazee wakasogea kando kushauriana. Mmoja wao, mkali wa maneno, akasema kwa sauti, "Amekosea mchanga wa nyumba ya mjane, leo tumkabidhi nyumba ya Mungu?"

Mzee Kubo akamjibu, "Juma hili tumezungumza na waashi sita. Kila mmoja tulimuuliza kama amewahi kukosea, na wote wakaapa hawajakosea maishani mwao. Sasa hebu niambie, ndugu yangu, nyumba zote zinazovuja mji huu zimejengwa na nani?"

Yule mkali akacheka kabla ya wengine. Wakamrudia Bwanaheri, wakampa msikiti, kwa sharti moja: amalize kwanza kwa Bi Shekue. Mwenye punda, ambaye uvivu wa saumu ndio uliompeleka ufukweni badala ya bondeni, alikwenda bondeni mwenyewe kuleta mchanga mpya wote, na safari hii kila mzigo ulionjwa. Masika yalipokuja, mvua ikanyesha siku kumi mfululizo. Ndani mlikuwa mkavu, na ugomvi pekee uliosikika ulikuwa wa Bi Shekue na mjukuu mdogo aliyechora kuku kwa mkaa kwenye ukuta safi.

Ndugu zangu, nanyi dada zangu mnaocheka huko nyuma, nasema nanyi wenye kupaka chokaa juu ya ukungu siku ya kuamkia Idi ili wageni wasione. Tukizidisha ibada, tutazame kwanza nani anaubeba uzito wake. Na tukikosea, Mola atujaalie kusema wenyewe, kabla mvua haijatusemea. Amin.