Kiboko na Bakuli la Mbarika

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na mashine za kusaga, na kamati za kuzisumbua mashine hizo, Kiboko alikuwa na kinu cha dizeli kando ya mto. Bonde zima halikuwa na kinu kingine. Kila asubuhi wanyama walipanga foleni na magunia yao, wakamwamkia, naye akaitikia kwa kope. Maisha yalikuwa matamu.

Halafu akaja Bi Pimbi.

Huyu alikuwa mjane mwenye kimo cha kibuyu. Alisimika mashine ndogo mwambani, akaiendesha kwa mafuta ya mbarika. Ndiyo, mbarika ile ile inayoota jalalani, ambayo hata mbuzi huinusa akapita. Alikamua mbegu, akachanganya mafuta na pombe kali na magadi makali, akakoroga, akayaacha yatulie. Mazito yakazama, akayageuza sabuni. Mepesi yakabaki juu, akayatia kwenye injini. Tuku-tuku-tuku, unga ukatoka. Na moshi wake, basi, ulinukia maandazi.

Moshi huo ndio uliomchoma Kiboko. Foleni ilihamia mwambani, na hilo pengine angelivumilia. Lakini kila alipokaa kinuni peke yake, upepo ulimletea harufu ya maandazi, na pamoja nayo vicheko vya wateja. Kwake hawakuwahi kucheka.

"Wanacheka nini huko?" alimuuliza mkewe.

"Sijui, mume wangu. Niende nikaulize?"

"Usithubutu kwenda." Akageuza sikio upande wa mwamba. "Ila ukienda, sikiliza vizuri."

Sasa, Kiboko alikuwa pia Mwenyekiti wa Kamati ya Mafuta. Kamati hiyo ilikuwa na desturi ya tangu enzi za ufuta na nazi: mafuta yoyote mapya huonjwa na mwenyekiti mbele ya watu. Akilimaliza bakuli, mafuta yamepita. Akibakiza, yamekataliwa, na mtambo unafungwa. Hakuna aliyewahi kuuliza itakuwaje kwa mafuta yasiyonyweka, maana kuuliza nako kulihitaji kibali.

Kiboko akamwita Pimbi barazani. Nia yake ilikuwa nyepesi: aonje tone, ateme, afunge mashine, kisha arudi kinuni kusubiri foleni yake.

Pimbi alikuja na bakuli limejaa pomoni. Alikuwa ameyateka mafuta hayo kutoka mtungi wa kwanza, kabla hayajakutana na pombe wala magadi, kwa kuwa alitaka kuokoa mashine yake, si kuleta msiba.

"Mheshimiwa, haya si ya kunywa," alisema. "Kazi yake ni kwenye mashine."

"Kamati ndiyo itakayosema kazi yake ni nini."

Kiboko akachovya ulimi. Uzito wa gundi, ladha ya jalala. Akakunja uso, akatafuta pa kutemea.

"Inatosha, mzee wangu," Pimbi alisema upesi, akinyoosha mikono. "Nirudishie bakuli. Yaliyobaki nimemwekea Tembo."

Kiboko akasahau kutema. "Tembo yupi?"

"Huyo hapo mbele."

Tembo hakuwa ameomba kitu, lakini hakuwa na tabia ya kukataa cha bure. "Kama yapo, nitapokea," alisema, akanyoosha mkonga.

Kiboko akautazama mkonga ule. Tangu utotoni alikuwa akisikia: mkubwa wa kwanza ni Tembo. Kwenye harusi Tembo, kwenye kesi Tembo, na sasa hata kwenye bakuli.

"Yana nini cha kumfaa yeye?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi ni kidagaa tu, Mheshimiwa, raha za wakubwa nitazijulia wapi? Muulize mwenyewe akishakunywa."

Mkonga ukasogea. Kiboko akalivuta bakuli kifuani. Gubu, gubu, gubu. Akanywa mpaka mwisho, akalamba kitako, akalipindua Tembo aone.

"Pole, jirani. Yamekwisha."

"Bakuli tupu," alisema Kobe, karani wa kamati, ambaye hakuwahi kuharakisha neno. Akapumulia muhuri, akaugonga. Pa. "Mafuta ya Bi Pimbi yamepita."

Ndipo Kiboko akaelewa alichokifanya. Akasimama.

"Subirini. Kwa mamlaka niliyopewa, natengua." Akaanza hotuba, na hotuba zake mnazijua: jua lilipanda, jua likaanza kushuka. "Kwa mamlaka, narudia, kwa mamlaka..."

Guruguru-guu, tumbo likajibu, maana mafuta ya mbarika ni dawa ya kuendesha.

Akabana miguu. "Kwa ma..."

Guruguru-guu.

"Kanuni haimruhusu mwenyekiti kuondoka kabla ya kufunga kikao," Kobe alimkumbusha taratibu. "Na kikao kikifungwa, kilichogongwa muhuri kimegongwa."

Kiboko akamtazama Kobe, akamtazama Pimbi, akautazama mto uliokuwa mbali kuliko siku zote.

"Nimefunga," alinong'ona, akatimua mbio.

Hakuufikia mto akiwa mkavu. Prrrr! Mkia ulizunguka kama pangaboi, na safu ya mbele, Tembo akiwemo, ikapata fungu lake.

Tangu siku hiyo kiboko hushinda majini, kaacha matundu ya pua tu nje, na akijisaidia mkia bado humzunguka vile vile. Upepo ukitoka mwambani, huzama kabisa.

Mwenye kijicho hunywa hata kinachomchukiza, ilimradi jirani asionje.