Masharti ya Dawa ya Pimbi

“Elfu sita nikulipe kwa pumba?” alisema Nyati, na ukwato wake ukachimba ardhi. “Pumba za mahindi?”

“Na ukwaju,” Pimbi akamkumbusha. “Na majivu kidogo, ziwe chungu. Elfu sita.”

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na vichwa vigumu kama sisi, ndipo ugomvi huo ulipotokea. Ulikuwa mbele ya nyumba ya Nyati, nusu ya mbuga imesimama inasikiliza. Pimbi mnamjua? Yule mnyama wa miambani, kama sungura aliyenyimwa masikio. Nyati hahitaji kuelezwa. Lakini hebu turudi nyuma, maana mkisikia mwisho tu mtamwonea huruma asiyestahili.

Pimbi alikuwa na mke na watoto wanne, wakiishi kwenye ufa wa mwamba usio na mlango. Ikatokea Chui ameanza kupitapita pale, ananusa. Pimbi akaenda kwa Nungunungu, fundi seremala, kuulizia mlango wa mninga, mzito wa kumshinda Chui. Nungunungu akaupima ule ufa, akataja elfu sita, akaongeza kwamba hapunguzi hata senti. Pimbi hakuwa na hata mia.

Nyati naye alikuwa na lake. Kila mwaka kabla ya kiangazi, wakubwa wawili wa mbuga huburuta magogo kutoka msituni hadi mtoni, ili kuziba maji yasiende zake. Anayefikisha gogo lake kwanza, ukoo wake ndio unaotangulia kunywa kiangazi chote. Mwaka uliopita Kifaru alimwacha Nyati katikati ya njia, na ukoo wa Nyati ukanywa tope miezi minne.

Angeshindaje? Asubuhi chipsi. Mchana chipsi mayai. Jioni soda mbili na maandazi kikapu kizima, kisha anakaa barazani akibishana na wapita njia mpaka jogoo awike. Ngazi tatu za nyumba yake mwenyewe alizipanda akihema, hee, hee, kama aliyefukuzwa.

Pimbi alimwendea akamweleza kistaarabu, tena bure. Akamwambia ale maharage, mboga na matunda, anywe maji, akimbie kila asubuhi, alale mapema. Nyati akacheka mpaka soda ikamtokea puani. Akasema hayo hata bibi yake aliyasema, na bibi yake hakuwahi kumshinda kifaru yeyote. Yeye alitaka kitu cha chupani.

Na cha chupani kilikuwepo. Fisi alikuwa ameanza kuuza vidonge vyekundu, na Kifaru alikuwa mteja wake wa kwanza. Fisi alidai ukimeza kimoja tu, hujui uchovu siku tatu. Hapo hakudanganya, na ndipo ubaya ulipokuwa. Kidonge kile hakikuleta nguvu hata chembe. Kiliuziba mdomo uchovu, basi. Na uchovu ni mlinzi wa mwili. Ukimziba mlinzi mdomo, mwizi bado yumo ndani anabeba.

Kifaru akaacha kulala. Akaacha kula, maana njaa nayo ilinyamazishwa. Miguu ikaanza kutetemeka akiwa amesimama tu, akawa anagombana na kivuli chake, na mkewe akarudi kwao. Wanyama walipomwona anakimbia huku na huko na macho mekundu, mnajua walisema nini? Walisema Kifaru mwaka huu yuko fiti. Watu wenye macho mawili kila mmoja, wanasema hivyo.

Nyati akaingiwa na wivu. Kwa Fisi hakutaka kwenda, kwa sababu Fisi alishamla binamu yake, lakini akamfuata Pimbi kumwuliza kama miambani kwao hakuna dawa.

Pimbi akamtazama yule bwana mkubwa, tumbo limemtangulia. Akilini akauona mlango wa mninga.

“Ipo,” alisema. “Ila ni ya masharti.”

Nyati akasogea karibu. Si mnawajua watu wetu? Dawa isiyo na masharti wanaiona maji. Ukiwaambia wavuke mto kinyumenyume ndipo wameze, wanajua hii ni dawa kweli.

Basi Pimbi akamhesabia masharti. Kidonge kimoja alfajiri, na ukishameza ukimbie hadi Kilima cha Mawe na kurudi, la sivyo kitagandia tumboni. Kikikutana na chipsi kinageuka sumu. Kikikutana na soda, manyoya yote chini. Kinataka uji wa ulezi, maharage, mchicha na papai, na maji ndoo kwa ndoo. Jua likizama uwe umelala, kwa kuwa kidonge hufanya kazi mwenyewe akiwa usingizini. Siku arobaini. Ukishinda, unalipa elfu sita. Ukishindwa, hulipi kitu. Nungunungu akaitwa kuwa shahidi, na Nyati akakubali mbele yake.

Yale aliyoyacheka ya bure, sasa akayafuata kama amri ya mfalme. Siku ya kumi alizipanda ngazi zake bila kuhema. Siku ya ishirini alikimbia kilimani akiimba. Na kila alipokutana na jamaa zake aliwasimulia jinsi kidonge kinavyopita mshipani, tsii, kama moto, mpaka anausikia unafika kwatoni.

Siku ya magogo ikafika. Kifaru alikuwa amemeza vidonge vitatu. Akaondoka vuuu, vumbi juu, gogo linarukaruka nyuma yake kama kijiti. Kifaru aliimaliza nusu ya njia wakati Nyati bado yuko kwenye miti. Halafu waliokuwa karibu wakausikia moyo wake, du-du-du-du, mpaka ngozi ya kifuani inacheza. Akasimama. Akatazama miguu yake kama ya mtu mwingine. Pu, akaanguka.

Nyati akampita polepole, kwaruu, kwaruu, akalifikisha gogo mtoni, akapiga chafya.

Kifaru walimbeba wanyama saba. Hakufa, lakini alilala miezi miwili, na moyo wake haukurudi ulivyokuwa. Walipomtafuta Fisi, hakuonekana.

Nyati sasa ana maji, ana sifa, na ana deni. Akaona njia: kidonge kimoja kimebaki, akijua kilichomo atatengeneza vyake, atawauzia wengine na hatamhitaji tena Pimbi. Akakipeleka kwa Mzee Kobe, mjuzi wa mitishamba. Kobe akakilamba mara moja, akamwuliza nani anamlisha chakula cha kuku.

Ndiyo mkakuta ugomvi ule. Mlango umekamilika, umeegemezwa ukutani kwa Nungunungu, na asubuhi hiyohiyo mke wa Pimbi alikuwa ameona nyayo za Chui hatua mbili kutoka ufani.

“Kumbe ni chakula na usingizi vilivyonipa nguvu,” Nyati aliwaambia waliosimama. “Huyu hakunipa kitu.”

“Ushauri huo nilikupa bure, Bwana Nyati, na soda ikakutoka puani,” alisema Pimbi. “Kilichokugharimu elfu sita ni kichwa chako.”

Wanyama wakaangua kicheko. Nungunungu akathibitisha kwamba mkataba ulisema ukishinda unalipa, haukusema kidonge kiwe cha nini. Nyati akainua ukwato juu ya kichwa cha Pimbi.

Pimbi hakusogea. “Nikanyage. Halafu uwaeleze jamaa zako kwamba ule moto wa mshipani ulikuwa pumba.”

Jamaa zake walikuwepo, safu nzima, wanamtazama. Ukwato ukashuka taratibu, ukakanyaga mchanga.

Mwili, wanangu, hujengwa na chakula, jasho na usingizi, na anayekuuzia nguvu kwenye kichupa anakudanganya, awe fisi, awe pimbi.

Pimbi akanyoosha mkono.

“Elfu sita. Sasa hivi.”