Kigelegele cha Mama Sange

Hapo zamani za kale, nyie mnaotafuna karanga huku mnajifanya mnasikiliza, kila mnyama alikuwa na nyumba, na kila nyumba ilikuwa na njaa. Isipokuwa nyumba ya Ndovu, mwenye ghala la mtama.

Baragumu lake likilia buuu! buuu!, wote walikwenda kumlimia kwa pamoja bila ujira, kazi ya msaragambo. Desturi ilikuwa mwenye shamba awapikie wanaolima, na kumuuliza kama amepika ilikuwa aibu.

Basi siku nyingine ilikuwa ugali. Siku nyingine hotuba ya Ndovu:

"Ndugu zangu, chakula kiko kwenye process. Be patient!"

Nyati na Kiboko wakapiga makofi, pa pa pa!

Mama Sange, mnyama mdogo kama panya, pua ndefu, alikuwa amesoma mpaka vitabu vikaisha. Aliomba kazi ya ghala, akaambiwa hana experience. Kazi akapewa Fisi, ambaye experience yake ilikuwa kuwa shemeji wa Ndovu.

Pua ikamfundisha Sange jambo. Jikoni kwa Ndovu kukifuka moshi kabla ya baragumu, kuna ugali. Bila moshi, hotuba.

"Buuu!"

"Sange, twende!" Nyati akaita.

"Tumbo linanikata, kaka."

"Mvivu! Wasomi nyie!"

Jioni Nyati akarudi, mgongo umepinda, tumbo limejaa hotuba.

Fisi akanong'ona, "Bosi, yule anakuja siku za ugali tu."

"Choma majani mabichi jikoni kila siku!" Ndovu akaamuru.

Kesho yake Sange akauona moshi, akakimbia, akalima mpaka viganja vikachubuka. Hotuba! Nyumbani wanawe watatu wakamnusa mikono.

"Mama, leo inanuka moshi tu."

Sange hakulia. "Kumbe tunafugwa! Haya, tufugane."

Alijua Ndovu anapenda sifa kuliko mtama. Basi siku ya ugali, sufuria ikifunuliwa tu, akapiga kigelegele: "Ariririririi! Baba wa mababa! Masikio kama mawingu!" Ndovu akapepea masikio, machozi yakamlengalenga. Siku ya hotuba, Sange kimya. Anajikuna tu.

Makofi ya Nyati yakaanza kumchosha Ndovu. Yalikuja kila siku, kama nzi. Siku moja, katikati ya hotuba, akamtupia Sange jicho. Kimya. Akakohoa. Kimya. Sange akapiga miayo.

"Fisi! Fungua ghala!"

"Bosi, leo si siku ya..."

"Fungua!"

"Ariririririi!"

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja, baragumu bado limetundikwa ukutani, Sange akasimama uani kwa Ndovu na wanawe, bakuli mkononi.

"Ariririririi!"

Ndovu akatoka mbio, hata kunawa uso hajanawa, ufunguo mkononi, udenda wa sifa unamchuruzika.

"Mwacheni kiongozi wetu," akasema Kiboko, aliyefuata harufu, ugali umejaa mdomoni. "Ana moyo, jamani!"

"Mkubwa mno, kaka," akasema Sange. "Hebu nisogezee hiyo sufuria."

Nanyi mkumbuke: anayewazoesha wenzake kuitika baragumu lake, naye ana mlio wa kumwita.