Faru na Figo Zilizotaka Kuhama

Hapo zamani za kale, sogeeni wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majiko yao, palikuwa na bonde lenye udongo wa chumvi. Desturi ya bonde ilikuwa hivi: mdogo halambi mpaka mkubwa amalize. Mkubwa alikuwa Faru, naye hakumaliza. Alilamba asubuhi, akalamba mchana, akalala palepale.

Wadogo wakakosa chumvi. Bi Swala, aliyekuwa akinyonyesha, kila akisimama alishikwa na kizunguzungu, akaanguka puu. Siku ya tatu hakuweza kuinuka.

Pimbi akamwona, roho ikamuuma. Pimbi ni mdogo, anaenea kwenye kapu, lakini kwa habari za mkojo hana mpinzani, maana ukoo wake mzima hukojoa kwenye jiwe moja tangu enzi za mababu. Akaenda kwa Faru.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Pimbi, humu kichwani kuna ngoma. Du, du, du. Na macho yanaona ukungu."

Pimbi akaweka sikio ubavuni. "Hiyo ni damu, Mzee. Inasukuma mishipa kwa nguvu mno. Unajua nani anaipima? Figo zako."

"Vile vitu viwili vidogo vya kiunoni?"

"Hivyo hivyo. Damu ikisukuma kinyonge, figo hutuma mjumbe: mishipa ijikaze. Kisha tezi iliyokaa juu ya figo kama kofia hutuma mjumbe mwingine: chumvi isitoke. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo, damu ikapata nguvu. Wajumbe hao huitwa homoni. Damu ikizidi nguvu, wajumbe hunyamaza, na figo huiachia chumvi itoke na maji, shwaa."

Faru akaacha kulamba. "Usiku na mchana?"

"Hata ukikoroma."

"Na mimi sijawahi kuzituma."

"Hujawahi, Mzee."

Faru akageuza shingo kukitazama kiuno chake. Na pembe yake yote ile, na ngozi yake nene, kumbe anaishi kwa hisani ya vitu viwili asivyowahi kuviona. Mimi mwenyewe nikifika hapa mwili hunisisimka.

"Mbona sasa zimeshindwa?"

Hapo ndipo Pimbi alipotia uongo wake. "Zimechoka. Unazitwika chumvi kuliko zinavyoweza kutoa. Nimezisikia zikinong'ona. Zinataka kuhama, ziende kwa mnyama mwenye adabu."

"Zihame? Sasa nifanye nini, mwanangu?"

"Kaa mtoni siku saba. Chumvi usiiguse. Zitaghairi."

Faru akaondoka mbio, vumbi likatimka. Siku saba akanywa maji, akala majani, akakojoa shwaa, shwaa. Ile ngoma ikapungua, mwisho ikanyamaza.

Siku ya nane akarudi. Akakuta bonde limejaa nyayo, za swala, za digidigi, za pimbi. Bi Swala amesimama wima, mwanawe ananyonya.

Faru akamgeukia Pimbi. "Hebu niambie. Figo huhama?"

"Hazihami, Mzee."

"Basi ulinidanganya."

"Kwa hilo moja tu."

Faru akainamisha pembe. Wote wakarudi nyuma, isipokuwa Bi Swala, maana mtoto alikuwa bado yuko kwenye titi.

"Na huyu," Faru akauliza, "alipokuwa akianguka, figo zake zilikuwa zimelala?"

"Hazikulala hata kidogo. Zilishikilia kila chembe ya chumvi. Lakini chembe zenyewe ulikuwa nazo wewe."

Faru akamtazama yule mama mwembamba kwa muda mrefu. Katika kiuno kile chembamba nako kulikuwa na figo mbili kama zake, zikihangaika kumshikilia asife. Pembe ikainuka taratibu.

"Lamba wewe kwanza, mama," akasema, akasogea pembeni kungoja zamu yake.

Basi wanangu, mkitoka hapa tokeni na hili: kilichomzidi mkubwa kikamuumiza, ndicho kilichompungukia mdogo.