Duka la Thumni la Bi Tabu

Palikuwa na Liwali mmoja aliyeitwa Khalfani, mwenye duka kubwa na roho ndogo. Dukani mwake hata kitana hakikuwa na bei. Unaingia, unaulizwa baba yako nani, unakaa mtaa gani, ndipo bei inatajwa. Maskini akiulizia sahani, alitazamwa miguu kwanza.

Ng'ambo ya njia alikuwapo Bi Tabu, mjane mwenye ulimi mkali, na kiduka chake cha makuti. Kila asubuhi alipanga vijiko, vioo, miavuli na vikombe vya Uchina, kisha akapaza sauti: "Chagua mwenyewe! Kila kilichomo humu thumni! Kikivunjika kilete, nitakiunga!"

Watu wakajaa. Mabaharia walisema maduka ya namna hiyo yapo hata Bombei na Ulaya, na huko nako matajiri wanayachukia. Bi Tabu hakujivuna. Mteja akifungua mwavuli, humwonya: "Huo ni wa jua, mwanangu. Mvua unaiogopa kuliko wewe." Akichagua kitana: "Chana upesi, hicho meno yatatoka kabla ya yangu, na yangu yamebaki mawili." Watu walicheka, wakalipa, wakarudi na vipande. Naye akaviunga kwa uzi na gundi, huku akijisimanga mwenyewe.

Liwali alikonda kwa kijicho. Siku moja, soko limefurika, akavuka njia na joho lake la dhahabu, jambia la fedha kiunoni, askari wawili nyuma. Akaweka thumni mezani.

"Bi Tabu, kila kilichomo humu ni thumni?"

"Ndiyo, bwana Liwali. Karibu upunjwe kwa bei nafuu."

"Kuta nazo zimo?"

"Zimo."

"Paa?"

"Limo, ila siku za mvua huwa halimo."

"Basi nanunua kuta, paa na vyote vilivyo chini yake. Duka zima. Thumni yako hiyo."

Moyo ukampasuka Bi Tabu. Duka lile ndilo lililomlisha yeye na wajukuu zake tangu mumewe azikwe. Akawatazama askari. Angeshtaki kwa nani, na mwamuzi wa mji ni Liwali huyohuyo? Mwenye nguvu mpishe.

"Umenunua pamoja na ahadi yangu?" akauliza.

"Ahadi gani?"

"Ya kuunga vilivyovunjika. Naitangaza kila siku, mpaka paka wa sokoni wanaijua."

"Nimenunua kila kitu! Nyote mashahidi!"

Bi Tabu akaokota thumni, akajifunga kanga, akatoka.

Kesho yake Liwali alikaa dukani mwenyewe, aonje ushindi. Hakuuonja. Walikuja kina mama na vikombe vilivyokatika mikono. Walikuja wazee na miavuli iliyogeuka ndani nje. Akaja bwana harusi na kioo chenye nyufa. "Bwana Liwali, uso wangu umekuwa vipande, na harusi ni leo."

"Ondokeni!"

"Ulinunua na ahadi, bwana. Ulitushuhudisha mwenyewe."

Liwali, ambaye tangu azaliwe hajatunga uzi kwenye sindano, akashika gundi. Kufika adhuhuri vidole vilikuwa vimegandana, na ndevu zimeshikamana na kikombe.

Ndipo Bi Tabu akaingia, thumni ileile mkononi.

"Shikamoo, mwenye duka. Habari za biashara?"

"Umekuja kununua duka lako? Lichukue!"

"Duka hili? Thubutu! Nalijua mimi lilivyo bovu." Akaweka thumni mezani. "Nipe hilo jambia."

Liwali akalikumbatia. "Hili si bidhaa!"

"Jana hata kuta hazikuwa bidhaa."

"Ni la marehemu babu yangu!"

"Na duka lilikuwa la marehemu mume wangu. Jambia limo humu, halimo?"

Watu wote wakageuka kumtazama Liwali. Bwana harusi akasahau kioo chake.

"Bi Tabu," Liwali akasema kwa sauti ya chini, "chukua thumni yako, chukua na duka lako. Niachie jambia langu."

"Na kesho ukipata hamu tena?"

"Sivuki tena njia hii."

"Sema kwa nguvu, mashahidi ni walewale."

"Sivuki tena njia hii!"

Bi Tabu akampa kitambaa ajifute gundi. Kikachanika palepale. Liwali akaenda zake, lakini mlangoni akageuka, kikombe bado kinaning'inia kidevuni.

"Mwanamke mwenye akili hivi, mbona unauza takataka?"

"Vizuri vyote mlishavichukua, bwana."