Kokoto la Nakijwa

Chungu hupasuka penye kokoto. Methali hii mmeisikia leo mkacheka, mkadhani ni maneno ya wafinyanzi tu. Basi tulieni niwaambie ilikotoka. Na wewe unayechezea simu, iweke chini.

Huko milimani Upareni aliishi mfinyanzi aitwaye Nakijwa. Kwa vyungu alikuwa fundi hasa, ila nyumba ilimshinda. Mumewe, Kiondo, akichelewa kidogo gulioni, alikuta nguo zake zimetupwa uani na mlango umekomewa. Kesho yake Nakijwa alilia akaomba radhi. Kiondo alimpenda, lakini alichoka. Akamwambia, "Ukizitupa tena, nitaziokota na kwenda nazo."

Nakijwa alijua hatanii, akaingiwa na hofu. Wengi walimshauri mpaka masikio yakamuuma: vumilia, omba, mpikie vizuri. Ndipo akamwendea Mama Namkunda, mfinyanzi mwenzake mtu mzima. Wafinyanzi wa kule hukanda udongo wawili wawili, wakitazamana, vidole vikitafuta kokoto, maana likibaki, chungu hupasuka motoni palepale lilipo. Namkunda hakutoa ushauri. Kila walipokanda alimwacha aseme, akiuliza tu, "Na kabla ya hapo?" Nakijwa alimsema Kiondo weee, asione faida.

Siku moja Namkunda alichelewa. Alipofika, alikuta udongo wake umemwagwa njiani.

"Rudi huko kwa unaowapenda!" Nakijwa alifoka.

Namkunda aliketi mahali pake pa kila siku. "Mwanangu, nimechelewa kwa mvua. Lakini hasira hii ni kubwa kuliko kosa langu. Nani alichelewa kabla yangu?"

Nakijwa alitaka kujibu kwa ukali, yakamtoka mengine. "Mama yangu," akasema. "Alisema nakuja sasa hivi. Nilikuwa mdogo, nikamngoja mlangoni. Hakurudi."

Alilia, na Namkunda hakumnyamazisha. Alipotulia akamwambia, "Kumbe unawatupa watu kabla hawajakutupa."

"Ndivyo," Nakijwa alijibu taratibu, akishangaa kujisikia akisema hivyo. "Na Kiondo wala hajaniacha."

Hayakuisha siku ile. Waliendelea kukanda na kuzungumza msimu mzima, maana kokoto moja likitoka, vidole hugusa jingine.

Kisha Kiondo akachelewa tena. Alipofika alimkuta mkewe mlangoni, nguo mikononi. Akanyoosha mkono azipokee aende zake.

"Ngoja," Nakijwa akasema. "Nilikuwa karibu kuzitupa. Naogopa, Kiondo. Ukichelewa naona hutarudi, kama mama yangu."

Miaka yote hiyo Kiondo hakuwahi kuambiwa neno hilo. Akazichukua nguo, akapita nazo ndani, akazitundika. "Nikichelewa," akasema, "nipo njiani."

Hofu ilimrudia Nakijwa mara nyingi baadaye, lakini sasa aliijua kwa jina, na mlango haukukomewa tena. Vyungu vya wenzake vilipovunjika wakaulaani moto, yeye alicheka akawaambia wapekue udongo wao kwanza: chungu hupasuka penye kokoto.