Mkeka wa Visima na Walinzi Watatu

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Palikuwa na mkeka!

Na ulikuwa wapi?

— Hapo ndipo penye ngano!

Hapo zamani za kale, Kanga alikuwa na mkeka wa kili arobaini. Kila ukili, yaani utepe mmoja wa mkeka, ulisukwa kwa miyaa myeusi na myekundu, na rangi hizo zilieleza ni kisima kipi cha nyikani chenye maji mwaka wa ukame. Asiye na mkeka huo, wanawe hufa kwa kiu.

Lakini Kanga aliishi kwenye majani makavu, na majani huungua kila kiangazi. Basi akasuka mikeka mingine miwili ya kufanana nao, akampa Kima mmoja, Nungunungu mmoja, Fisi mmoja. Ujira wa kila mlinzi ulikuwa kibaba cha kunde kila gulio. Kabla ya kuikabidhi, alihesabu miyaa myekundu ya kili chache, akazificha hesabu hizo moyoni. Hata mumewe hakumwambia.

Gulio la kwanza akawauliza, “Mkeka upo?”

“Upo!” wakajibu wote watatu. Wakala kunde.

Gulio la pili akasema, “Neno halitandikwi. Nataka kuuona.” Akaenda kwa Kima, akauona. Akaenda kwa Nungunungu, akauona. Akaenda kwa Fisi, akauona, ila Fisi alikuwa ulimi nje.

“Mbona wahema, Bwana Fisi?”

“Ni furaha ya kukuona, Bi Kanga.”

“Na huu mwiba wa nungunungu mkekani?”

“Huo? Huo ni pambo.”

Wakala kunde. Kanga akarudi kwake akilichambua jambo hilo kama mchele wenye chuya.

Gulio la tatu akawaita binti zake watatu, akampa kila mmoja ukili wake wa kuulizia idadi ya miyaa myekundu. “Jogoo akiwika mara ya kwanza, kila mmoja awe mlangoni pa mlinzi wake. Uliza, hesabu hadi ishirini, ondoka. Usingoje zaidi.”

Wakaenda, wakarudi.

“Mama, Fisi amesema mkeka umelala, nisiuamshe.”

“Nungunungu kasema kumi na nne, mama.”

“Ni tisa. Na Kima?”

“Ameukunjua, akafuata kwa kidole, akasema ishirini na mbili.”

“Ndivyo.”

Kanga akawaita walinzi. “Mikeka miwili iko wapi?”

Nungunungu akainama. “Niliulalia, Bi Kanga. Miiba yangu ikauchana.”

“Wangu nilidhani ni ngozi,” akasema Fisi. “Nilipogundua si ngozi, nilikuwa nimeshiba.”

“Nami niliwaazima wangu,” akasema Kima, “kwa nusu ya kunde zao.”

“Basi,” akasema Kanga, “Nungunungu na Fisi mtakata ukindu. Kima utasuka mikeka miwili, kila mmoja na pindo lake, nisionyeshwe mmoja mara tatu. Hadi itimie, hakuna kunde. Na maswali yangu hayatarudiwa.”

Fisi akalia kwa sauti, akakata ukindu. Mikeka ikatimia siku tatu kabla ya kiangazi. Majani yakaungua, visima vingi vikakauka, lakini mkeka ukaonyesha chenye maji, na watoto wa Kanga wakanywa mwaka mzima.

Ndugu zangu, mlinzi usimwulize kama kitu kipo. Mwulize kilichomo, na asijue utauliza lini.

Ngano nimeikunja. Mliosikia mmepata nakala. Nikipita kesho nitauliza ukili mmoja tu.

— Uliza, hatujaulalia!